Kibadilika cha Wote: Historia ya Maneno Machache ya Waandishi wa Programu

Katika kazi ya kuunda istilahi, maneno yanayoleta taabu kubwa si yale mageni kabisa. Neno geni kabisa hukopwa, likatiwa irabu mwishoni, likaingizwa katika ngeli yake, na mambo yakaisha. Ndivyo tulivyopata programu, faili na moduli. Taabu hutoka kwa maneno ya kawaida ya lugha ya kigeni ambayo mafundi wameyatwaa na kuyapa maana ya kazi yao, huku yakiendelea kuvaa nguo zake za kila siku. Makala haya yanahusu kundi moja la maneno ya namna hiyo, yaani maneno ambayo waandishi wa programu wa Marekani na Ulaya wameyatumia tangu mwaka 1958 kutaja thamani inayotumiwa na sehemu zaidi ya moja ya programu. Ni maneno manne au matano tu. Katika tafsiri kadhaa zilizopita mikononi mwa mwandishi wa makala haya, yote yaliandikwa "-a umma". Nia yetu ni kuonyesha kwamba kila moja lilizaliwa kwa sababu yake na kwa wakati wake, na kwamba kuyachanganya si kosa la urembo wa lugha tu.

Kwanza tukubaliane juu ya neno la msingi. Programu ya kompyuta huhitaji mahali pa kuweka thamani: jina la mtu, kiasi cha fedha, tarehe. Mahali hapo hupewa jina, na thamani iliyomo yaweza kubadilishwa wakati programu inaendelea kufanya kazi. Tutapaita kibadilika, wingi vibadilika. Wako wanaopenda kusema kigeugeu, na hatuna ugomvi nao, ila neno hilo mitaani ni sifa ya mtu asiyeaminika. Msomaji atakayefika mwisho wa historia hii huenda akaona kwamba kwa baadhi ya vibadilika sifa hiyo inafaa kuliko tulivyodhani.

Kilichotusukuma kuandika ni kisa cha miaka ya mwanzo ya 2000. Ofisi moja iliyokuwa ikipokea ada ilitengenezewa programu yenye fomu mbili. Katika fomu ya kwanza karani aliandika jina la mlipaji na kiasi, na stakabadhi ikachapishwa. Fomu ya pili ilikuwa daftari la siku, nayo ilipaswa kuchukua kiasi kile kile na kukiweka katika hesabu. Kijana aliyeiandika programu alikuwa akifuata mwongozo uliofasiriwa kwa Kiswahili, ambao mwandishi wa makala haya alikuwa na mkono ndani yake. Mwongozo ulisema: "Weka kiasi katika kibadilika cha umma cha fomu." Kijana akafanya hivyo. Tena, kwa kuwa mwongozo huo huo ulimshauri asiiache fomu ikikaa bure katika kumbukumbu ya mashine, aliifunga na kuifuta kabisa kila mlipaji alipoondoka, kisha ndipo daftari lilipokuja kuuliza kiasi. Stakabadhi zilitoka sawasawa. Jioni daftari lilionyesha sifuri tupu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Karani wa fedha alihojiwa kwa siku mbili juu ya fedha ambazo muda wote zilikuwamo kabatini.

Kijana alipoulizwa alijibu jambo ambalo hatukuweza kulipinga. Alisema kwamba mali ya umma haizikwi pamoja na mtu mmoja. Alilielewa neno kama Mswahili yeyote alielewavyo: kilicho cha umma ni cha wote na hubaki kwa ajili ya wote. Kosa halikuwa lake peke yake. Kulielewa hatuna budi kurudi nyuma miaka zaidi ya arobaini kabla ya jioni hiyo.

Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa lugha ya FORTRAN, iliyotungwa na kundi lililoongozwa na John Backus kwa ajili ya mashine iliyoitwa IBM 704. Mwaka uliofuata ulileta FORTRAN II, ambayo ilimwezesha mwandishi kuigawa kazi katika programu ndogo ndogo, kila moja ikitafsiriwa peke yake kuwa lugha ya mashine. Mgawanyo huo ulikuwa wa manufaa makubwa, lakini ulileta swali jipya mara moja. Ikiwa kila programu ndogo ina vibadilika vyake, zitapashanaje habari? Jibu moja lilikuwa kukabidhiana thamani wakati mmoja anapomwita mwenzake. Jibu la pili lilikuwa tamko lililoitwa COMMON, ambalo lilitenga sehemu ya kumbukumbu ya mashine iweze kufikiwa na programu ndogo zote zilizolitaja.

Yafaa kutua kidogo hapa, maana jambo lenyewe ni la ajabu kwa msomaji wa leo. Katika eneo la COMMON vibadilika havikutambuliwa kwa majina bali kwa mpangilio. Programu ndogo moja iliweza kukiita chumba cha kwanza UREFU na nyingine ikakiita chumba hicho hicho UZITO, na mashine isione lolote la kushangaza. Aliyeongeza kibadilika kimoja katikati ya orodha, akasahau kufanya vivyo hivyo katika programu nyingine, alivisogeza vyote vilivyofuata. Ni kama ofisi mbili zinazotumia kabati moja lenye droo zisizo na vibandiko: hii inahesabu kutoka juu, na ile pia inahesabu kutoka juu, mpaka siku mtu anapochomeka droo mpya. Neno la Kiingereza hukumbusha maisha ya kijijini, ardhi ya malisho ambayo kila mwenye mifugo ana haki nayo. Kwa hiyo COMMON haikusema lolote juu ya kibadilika. Ilisema habari za mahali, na tafsiri yake ya haki ni eneo la pamoja.

Wazo la pili lilitoka Ulaya. Mwezi Januari 1960 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Paris kukamilisha lugha ya ALGOL 60, ambayo ripoti yake ilihaririwa na Mdenmaki Peter Naur. Ndani ya ripoti hiyo, programu ilipangwa kwa mafungu yaliyofumbatana, fungu dogo ndani ya fungu kubwa. Kibadilika kilichotangazwa ndani ya fungu kilijulikana humo tu, na fungu lilipokwisha, kibadilika nacho kikatoweka. Kile kilichotangazwa nje kiliweza kuonekana na mafungu yote yaliyomo ndani. Msomaji aone tofauti. Sasa hatusemi habari za ardhi. Tunasema habari za nyumba na vyumba. Aliye chumbani huona ukumbi, lakini aliye ukumbini haoni chumbani. Ripoti ilitumia maneno yenye maana ya "cha ndani" na "kisicho cha ndani", na mafundi wakazoea kukiita kile kilicho nje ya mafungu yote global. Neno hili limewapoteza wafasiri wengi, kwa sababu wameona ndani yake tufe la dunia. Hapana dunia hapa. Maana yake ni "kinachoenea programu nzima", na "kibadilika cha kidunia" ni tafsiri inayofaa kuachwa.

Katika miaka hiyo hiyo, chuoni Dartmouth nchini Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz walitunga lugha ya BASIC kwa ajili ya wanafunzi wasio wanasayansi, na programu ya kwanza ilifanya kazi tarehe 1 Mei 1964. Jina la kibadilika cha hesabu lilikuwa herufi moja, au herufi moja na tarakimu moja, kwa hiyo majina yote yaliyowezekana yalikuwa 286 basi. Kila kibadilika kilikuwa cha programu nzima. Jambo la kuvutia kwa watu wa kazi yetu ni kwamba BASIC ya mwanzo haikuhitaji neno la kuitaja hali hiyo. Pasipo mpaka hapana haja ya neno la kusema kwamba kitu fulani kimevuka mpaka.

Mipaka ilikuja kutetewa kwa nguvu katika miaka ya 1970. Desemba 1972 David Parnas alichapisha makala iliyouliza programu igawanywe kwa kigezo gani, na jibu lake lilikuwa kwamba kila moduli ifiche uamuzi fulani, ili uamuzi huo ukibadilika moduli nyingine zisijue. Mwaka 1973 William Wulf na Mary Shaw walikwenda moja kwa moja kwenye jambo letu katika makala ambayo anwani yake ilikitangaza kibadilika cha wote kuwa chenye madhara, wakiufuata mtindo wa anwani ya barua mashuhuri ya Edsger Dijkstra ya mwaka 1968. Hoja yao kwa ufupi ni kwamba msomaji wa programu hawezi kuielewa sehemu moja kwa kuisoma sehemu hiyo, ikiwa thamani anayoiona mbele yake yaweza kubadilishwa na sehemu nyingine yoyote, mbali na macho yake. Kila karani aliyewahi kukuta jalada limeandikwa kwa mkono asioufahamu ataielewa hoja hii bila kusomea kompyuta.

Sisi hatukushiriki katika mjadala huo. Tanzania mwaka 1974 ilizuia uingizaji wa kompyuta, na mashine ndogo za mezani zilipoenea maofisini miaka mingi baadaye, maneno ya COMMON, ya ALGOL na ya Parnas yalitufikia kwa mkupuo mmoja, yakiwa yamekwisha kuchanganyika. Kazi ya baadaye ya kukifanya Kiswahili kitumike katika kompyuta, kama ule mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilimlenga mtumiaji aliyeketi mbele ya skrini. Aliyeandika programu zenyewe aliachiwa ajitafutie maneno.

Hayo yote yalikuwa mambo ya wataalamu mpaka mwaka 1991, Microsoft ilipotoa Visual Basic. Mbunifu Alan Cooper alikuwa amewauzia mwaka 1988 chombo cha kupanga vitufe na masanduku kwenye skrini, nao wakakiunganisha na lugha ya BASIC. Mtu sasa aliweza kuchora fomu kwa kipanya, akaweka humo sanduku la maandishi na kitufe, kisha akaandika mistari michache ya kueleza kitufe kikibonyezwa lifanyike nini. Maelfu ya watu ambao hawakusomea kazi hii (wahasibu, walimu, makarani) walianza kuandika programu za ofisi zao. Programu ya zamani ilianza mstari wa juu ikashuka hadi wa chini. Programu ya fomu ilikaa ikisubiri mtu aguse, na kila fomu ilibeba mistari yake yenyewe.

Hapo swali la mwaka 1958 likazaliwa upya. Nimeandika jina katika fomu hii. Nitalipataje katika fomu ile? Kwa aliyeanza kujifunza hili lilikuwa gumu, kwa sababu machoni pake fomu zote mbili zilikuwa kwenye skrini moja, wala hakuona ukuta wowote kati yao. Ukuta ulikuwapo. Kibadilika kilichotangazwa ndani ya utaratibu wa kitufe kilikufa utaratibu ulipokwisha. Kilichotangazwa juu kabisa ya fomu kilijulikana na taratibu zote za fomu hiyo, lakini si za jirani. Aliyetaka kitumiwe na fomu zote alipaswa kukitangaza katika moduli isiyo na skrini, kwa neno Global, na neno hilo halikukubaliwa ndani ya fomu. Tena lugha ilimruhusu mtu kutumia jina bila kulitangaza, isipokuwa aliomba mwenyewe akatazwe. Kwa hiyo aliyelitaja katika fomu ya pili jina la kibadilika cha fomu ya kwanza hakuambiwa kwamba amekosea. Alipewa kibadilika kipya, kitupu, chenye jina lile lile.

Toleo la nne, la mwaka 1995, lilileta maneno Public na Private, na hapa ndipo mzizi wa kisa chetu ulipo. Neno Public sasa liliruhusiwa mahali pawili. Katika moduli lilitoa kibadilika kinachoonekana kila mahali na kuishi muda wote programu inapoishi. Katika fomu lilitoa kibadilika kinachoweza kufikiwa kutoka nje kwa kutaja kwanza jina la fomu, lakini ambacho kilikuwa ni kiungo cha fomu hiyo. Fomu ikifutwa kabisa, nacho kimekwenda. Neno moja lilitaja maisha mawili tofauti. Waingereza na Wamarekani wenyewe walijikwaa hapo, basi si ajabu kwamba Kiswahili chetu kiliongeza giza.

Lililozidisha shida ni kwamba jina la fomu lilitumika kwa vitu viwili. Mtumishi wa Serikali anaijua tofauti hii kuliko fundi. Iko fomu kwa maana ya kielelezo, yenye namba yake, iliyopigwa chapa kwa maelfu. Na iko fomu moja moja iliyojazwa na mtu fulani siku fulani. Ukiniambia "niletee kiasi kilichoandikwa katika fomu ya ada", nitakuuliza ya nani. Visual Basic haikuuliza. Ikitajiwa jina la fomu ambayo nakala yake imekwisha kufutwa, ilichukua kimyakimya nakala mpya kutoka kwenye kielelezo na kujibu kwa yaliyomo humo, yaani hakuna. Sifuri za daftari letu zilitoka huko. Mashine haikupoteza kitu. Kila mara ilisoma fomu safi ambayo hakuna aliyepata kuijaza.

Warithi wa lugha hiyo walijaribu kulitengeneza jambo hili. Toleo la mwaka 2002, lililojengwa upya juu ya msingi wa .NET, liliondoa ile nakala ya kujitokeza yenyewe: mwandishi alitakiwa atamke kwamba anachukua nakala, na aipe jina. Manung'uniko ya waliozoea njia ya zamani yakawa mengi, na mwaka 2005 nakala hiyo ikarudishwa. Kwa maoni yetu kurudishwa huko kulikuwa hasara, ingawa twafahamu kwamba wenye ofisi zilizojaa programu za zamani hawakuwa na nafasi ya kuanza upya. Lugha ya C#, iliyotoka pamoja na msingi huo mpya, haina kabisa kibadilika cha wote. Mwenye haja hukifunga kibadilika kwenye kielelezo badala ya nakala, kwa neno ambalo kwa kawaida humaanisha kitu kisichosogea. Visual Basic mpya ilichagua kwa wazo hilo hilo neno lenye maana ya "kilichoshirikiwa", na kwa mfasiri hili ni afadhali, kwa sababu linasema kweli: nakala zote za fomu zinashiriki kibadilika kimoja.

Waalimu wengi wa kazi hii wamerudi kwenye lile jibu la kwanza la mwaka 1958, ambalo lilifunikwa na urahisi wa COMMON. Fomu ya kwanza inapoifungua ya pili huikabidhi thamani mkononi. Daftari haliendi kupekua fomu ya malipo. Fomu ya malipo hulikabidhi kiasi kabla haijaondoka. Kiswahili cha ofisini kina neno lake tayari, nalo ni makabidhiano, lenye sura yote tunayoihitaji: anayetoa, anayepokea, na kitu kinachojulikana. Tunapendekeza thamani za namna hii ziitwe vikabidhiwa, badala ya neno "vigezo" ambalo limekwisha kubebeshwa mizigo mingi.

Kwa mengine, mapendekezo yetu yanafuata historia. Kibadilika kinachojulikana ndani ya utaratibu au fungu lake kiitwe cha ndani. Kinachoenea programu nzima kiitwe cha wote. Kilichofungwa ndani ya fomu kiitwe cha faragha. Kile cha Public ndani ya fomu kiitwe cha wazi, kwa sababu kinachosemwa ni kwamba mlango uko wazi, wala si kwamba nyumba ni ya kila mtu au kwamba itasimama milele. Neno "umma" libaki katika sheria na utawala, ambako lina kazi ya kutosha. Kwa kielelezo na nakala maneno tunayo, na karani yeyote ataeleza tofauti yake bila mwalimu. Tusilo na hakika nalo ni lile la kibadilika kilichofungwa kwenye kielelezo. "Cha ushirika" linavutia, lakini kwa msomaji wa umri wetu linaleta harufu ya pamba na kahawa, na huenda "cha kielelezo" likatosha.

Ule mwongozo ulisahihishwa. Sentensi yake sasa inasema: "Kabla ya kuifunga fomu ya malipo, likabidhi daftari kiasi, kibadilika cha wazi cha fomu huondoka na nakala yake." Ni ndefu kuliko ya kwanza kwa maneno kumi.